Kilo Zilizosimama Kati Yetu

Jumapili, 11 Februari

Kaka,

Jana ulinikatia simu tena. Na mimi nimewahi kukukatia, sikatai, ila bado unaongoza. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Barua haikatwi. Unaweza kuichana, lakini wifi ataokota vipande akusomee kwa sauti, namjua yule.

Ningeanza kwa kusema mimi mzima wa afya, ila afya yangu ndiyo tunayoigombania. Basi nianzie pale uliponikatia. Daktari wako alisema damu yangu na yako zinakubaliana, na kwamba figo yangu moja inaweza kukutoa kwenye ile mashine ya kusafisha damu. Kisha akanitazama kuanzia juu hadi chini, akasema kwa uzito huu hanigusi kwa kisu, ni hatari kwangu. Kilo mia na nane hapasui. Nishuke hadi tisini, mafuta yaondoke tumboni, ndipo nirudi. Hakusema kwa ubaya. Hata hivyo nilitoka pale nikitembea kando ya ukuta kama mtu aliyefumaniwa.

Wewe ukasema, "Basi, yameisha, usijisumbue." Yameisha vipi? Damu ya wifi haikubali, wanao wadogo, wazazi hawapo. Umebaki na mimi. Na mimi nimebaki na wewe tu, hilo huwa unalisahau.

Kesho nikitoka jikoni naenda jimu kunyanyua vyuma. Ndiyo, mimi. Cheka, ukimaliza uniandikie.

Mdogo wako,
Kibonge


Alhamisi, 22 Februari

Kibonge,

Nimecheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kama mashine imeharibika. Naandika nikiwa nimefungwa hapa. Mkono wa kushoto una mirija miwili, damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Wa kulia uko huru, ndio huu unaokuandikia, kwa hiyo usiulalamikie mwandiko.

Mimi ni fundi wa lifti. Maisha yangu yote nimebandika kile kibao kinachosema watu wangapi, kilo ngapi, na najua kinachotokea watu wakibishana na kibao. Kwa hiyo simlaumu daktari. Lakini na mimi sikukutuma. Usije ukavunja goti au mgongo kwa ajili yangu, tukawa wagonjwa wawili wa mama mmoja. Mashine inanitosha. Kuna watu nimewakuta hapa wana miaka mingi nayo na wanacheka kuliko mimi. Nakula, nalala, na kazini wamenihamishia ofisini, napokea simu za watu walionaswa kwenye lifti. Nawaambia watulie, msaada unakuja. Nimekuwa hodari sana wa kusema hivyo.

Kama umeshaamua kwenda huko jimu, nina sharti moja: uniambie ukweli. Kilo zikishuka sema, zikipanda sema. Na mimi nitakuambia wangu. Wangu wa leo ni kwamba sijambo, wala hakuna haraka yoyote.

Kaka yako,
Fundi


Jumamosi, 10 Machi

Kaka,

Siku ya kwanza niliupita mlango wa jimu kama vile nina safari zangu, nikarudi, nikaupita tena. Iko nyuma ya gereji ya matairi. Unasikia vyuma vinagongana, hujui kama ni spana au ni watu. Nilipoingia vijana wote waligeukia kioo, na kwenye kioo nilijaa mimi. Nikataka kutoka. Mama mmoja mfupi, mabega mapana, kitambaa kichwani, akaniziba njia. Wanamwita Kocha.

"Umekuja kupungua au umekuja kutafuta nguvu?" akaniuliza.

"Kupungua."

"Tutaanza na nguvu. Nyingine itafuata yenyewe. Kaa kwenye benchi, simama."

Basi, ndiyo kazi aliyonipa. Kaa, simama, bila kushika kitu. Kaka, mimi ninayenyanyua sufuria za kulisha bweni zima nilikwama nikiwa nusu njia, mapaja yanatetemeka, jasho linaingia machoni, na kijana mmoja akaniambia pole kwa heshima kabisa, jambo lililoniuma kuliko kama angenicheka. Kisha nikasukuma ukuta. Kisha nikainua chuma kutoka chini, mgongo umenyooka, kifua mbele. Chuma kitupu, bila hata sahani moja ya uzito pembeni. Kesho yake niliteremka ngazi za stoo kinyumenyume, wasaidizi wangu wakadhani kuna kitu kimenidondoka.

Amri zake ni hizi. Nile, tena nile mayai, maharage na mboga, nipunguze mafuta na sukari, nisijinyime mpaka nikaanguka. Nilale vya kutosha. Mizani nisiipande kila siku, kwa sababu misuli nayo ina uzito wake na itanivunja moyo bure.

Tatizo ni kazi yenyewe. Mpishi asipoonja anapika gizani. Nimegundua kumbe kuonja kwangu peke yake kulikuwa mlo wa mtu mzima, tena mwenye njaa. Sasa namwonjesha msaidizi, namtazama uso. Akikunja pua, naongeza chumvi.

Ukweli wangu wa leo: naumwa kila mahali hadi nyayo, na nimerudi jimu tena na tena.

Kibonge


Jumatatu, 2 Aprili

Wifi yangu,

Kaka yako hajui kama naandika. Mimi ndiye ninayepeleka barua zake posta, na kila mara natamani kuongeza mstari chini ya lile neno lake la sijambo. Mstari wenyewe ni huu.

Ule mshipa wa mkononi waliomtengenezea kwa ajili ya mashine umeziba mara mbili. Wameuzibua, lakini daktari anasema hautavumilia kuchezewa hivi kila siku. Ukifa, wataweka mrija shingoni, na mwaka jana mrija wa shingoni ulimwingizia vijidudu kwenye damu nusura tumzike. Daktari aliniita pembeni akaniambia upasuaji ufanyike kabla Agosti haijaisha, wakati bado ana nguvu za kuuhimili.

Sikuandikii kukutisha. Nakuandikia kwa sababu wewe unaambiwa hakuna haraka, na haraka ipo. Usimwambie nimesema, ataninunia mwezi mzima. Kuficha ni ugonjwa wenu nyie wa nyumba ile. Mama yenu alikuwa hivyo hivyo, alituambia hajambo mpaka wiki tuliyomzika.

Umefikia kilo ngapi?

Wifi yako


Jumapili, 6 Mei

Kaka,

Siku hizi barua zako zinaniuliza kilo hata kabla ya salamu. Haya, ukweli: tisini na nane. Zilipofika hapo nilicheza jikoni na mwiko mkononi. Lakini zimegoma hapo hapo, wiki inaingia, wiki inatoka. Na Agosti inakuja. Usiniulize kwa nini nataja Agosti.

Cha ajabu, nguo zinanipwaya. Sketi naifunga kwa pini. Lile benchi lililonitesa sasa nalikalia na kusimama nikiwa na chuma mabegani. Kocha ananizungushia utepe kiunoni, anapiga makofi, "Mafuta yanatoka, misuli inaingia, unataka nini tena?" Nikamwambia daktari hatumii utepe, daktari anatumia mizani. Tukazozana mbele ya watu hadi wakaacha vyuma kutusikiliza.

Sasa usimtetee, sikiliza nilichofanya. Kuna kijana pale ana mikono minene kuliko mapaja yako. Amenipa unga mweupe wa misuli, unakoroga na maji. Alisema kijiko kidogo kwa siku. Unaujua mkono wangu, kaka. Umezoea kupikia watu mia nne, kidogo haukijui, na jikoni kwangu hakuna aliyewahi kudhurika kwa kuongezewa. Nakoroga kikombe kinakuwa kizito kama uji. Nguvu ninazo! Na chakula cha jioni nimekiacha kabisa. Kocha hajui, wala hatajua.

Tarehe 11 Juni naenda hospitali ya hapa kutoa damu na kupimwa uzito, watamtumia daktari wako majibu. Jioni ya kuamkia siku hiyo nitanyanyua kufa na kupona, na maji sitayagusa ili mizani inionee huruma. Nakuahidi safari hii hawatanirudisha.

Kibonge


Jumapili, 24 Juni

Kaka,

Mimi mzima. Kazi ni nyingi, shule inakaribia kufunga na kuna ukaguzi wa jiko. Majibu bado hayajatoka, unazijua hospitali. Jimu sijaenda siku hizi kwa sababu ya mvua.

Msalimie wifi na watoto.

Kibonge


Alhamisi, 5 Julai

Kibonge,

Nimeisoma barua yako nikikutafuta ndani yake, sijakuona. Hakuna hata kejeli moja. Mvua! Wewe ulikwenda shule siku ya mafuriko, viatu kichwani, na mwalimu mwenyewe hakufika. Leo mvua ikuzuie kwenda nyuma ya gereji?

Mratibu wa wagonjwa hapa ameniambia majibu yako yaliingia siku nyingi. Ya ndani hawezi kuniambia, ni siri yako na madaktari. Aliponiambia hivyo alikuwa anapanga makaratasi ambayo yalikuwa yamepangwa tayari. Kwa hiyo majibu yapo, na wewe umeniandikia hayapo.

Nisikilize. Kama umeogopa, sema umeogopa. Kukubali kupasuliwa ukiwa mzima si jambo dogo, na sijui kama mimi ningeliweza kwa ajili yako. Nashinda kwenye simu na watu walionaswa, naijua sauti ya mtu mwenye hofu anayejifanya hana. Ndiyo niliyoisikia kwenye mistari yako ile michache. Basi nakuachia. Ulishafanya zaidi ya nilichostahili. Rudi uonje sufuria zako, sitakuchukia.

Lakini usinidanganye. Hapo ndipo palipouma, na panauma kuliko sindano za hapa.

Fundi


Jumamosi, 21 Julai

Wifi,

Salamu nitaziweka siku nyingine.

Mshipa umekufa. Juzi wamemwekea mrija shingoni, na tangu jana ana homa. Hajasema neno moja baya juu yako, na hiyo ndiyo inayonifanya nitake kuvunja vyombo. Akisikia pikipiki ya posta inapita anainuka kwenye kitanda, ukimuuliza anasema anatafuta hewa. Barua yake ya kukuachia niliipeleka mimi mwenyewe, na nilisimama mbele ya lile sanduku nikitaka kuichana. Hata hiyo hukuijibu.

Wanangu wananiuliza shangazi anakuja lini. Niwaambie nini? Kama ulikuwa unaahidi kwa mdomo tu, ungesema Februari tukajua hatuna mtu. Mimi nilikuamini. Kila kichwa ninachosuka pale saluni kimesikia habari za wifi yangu anayenyanyua vyuma ili amwokoe mume wangu. Wateja wananiuliza amefikia wapi. Sasa nasuka nimefunga mdomo, wanadhani nimegombana na mtu.

Jibu. Hata kwa neno moja.

Mke wa kaka yako


Ijumaa, 27 Julai

Wifi yangu,

Ulikuwa na haki ya kunitukana na umenitukana kidogo. Neno ulilolitaka ni hili: siwezi.

Sijasema sitaki. Mizani siku ile ilikuwa nzuri, tisini kamili, nikajiona nimeshafika. Siku tatu baadaye daktari wa hapa akaniita. Uzito hakuutaja. Alitazama majibu ya damu, akavua miwani, akaniambia zile taka ambazo figo hutoa zimejaa kwenye damu yangu, figo zangu zinaonekana hazifanyi kazi sawasawa, na kwa hali hiyo siwezi kutoa hata moja. Akaniuliza kama kuna mtu kwetu mwenye ugonjwa wa figo. Nikacheka, wifi. Nikacheka mpaka akamwita muuguzi.

Alisema nirudi baada ya wiki mbili warudie kipimo. Sikurudi. Nirudi kuambiwa nini? Mama alianza hivyo hivyo, kaka naye hivyo hivyo. Kumbe ninachotaka kumpa ndicho anachougua.

Vyuma nimeviacha. Kocha amenifuata jikoni, nikajificha stoo kati ya magunia ya mchele nikimsikia anauliza wasaidizi wangu niko wapi. Nakula na wala sisikii ladha. Nina hofu, lakini siyo ile anayoifikiria kaka.

Usimwambie, nakuomba kwa jina la wanao. Akijua na mimi naelekea huko ataacha kupigana. Bora anione mwoga.

Wifi yako


Jumatatu, 6 Agosti

Kibonge,

Mke wangu alijitahidi sana kutunza siri yako. Aliitunza kutoka mlango wa wodi hadi kitandani kwangu.

Nisamehe kwa kukuita mwoga. Ulikuwa unazama peke yako na mimi nakuandikia barua ya kukuachia, kama bwana mkubwa. Nilipoelewa, jambo la kwanza nililofanya ni kumwita mratibu nimwambie afute jina langu kwenye orodha ya upasuaji. Sipokei figo ya dada yangu, leo wala kesho. Nikasaini.

Daktari alikuja mwenyewe kuniuliza sababu. Nilipomweleza, akaanza maswali: huyu dada kazi yake nini, anafanya mazoezi gani, siku ya kabla ya kipimo alifanya nini, alikunywa nini. Nikakumbuka ulichoniandikia Mei. Nilikisoma nikiwa na homa, nikakicheka, nikakisahau. Nikamwambia: vyuma jioni nzima, unga kikombe kizito, maji hakuna. Alifumba macho kidogo, ungedhani kaumwa jino. Akasema misuli iliyotumikishwa vile huziachia taka hizo hizo kwenye damu, unga ule unaongeza, na mwili uliokauka unazikoleza. Kipimo peke yake hakiwezi kutofautisha figo mbovu na mpishi mbishi. Huenda u mzima. Huenda tu, hawezi kuapa. Urudie: wiki nzima bila chuma, bila unga, maji ya kutosha, ule kama watu.

Nenda ukapime. Nenda kwa ajili yako, nijue kama nina dada mzima. Lakini jina langu nimelifuta na halirudi. Nimeona ulivyojiua kwa njaa na kiu ili mimi niishi, na uhai wa namna hiyo siutaki. Wakikuta ziko salama, kaa nazo zote mbili.

Kaka yako,
Fundi


Ijumaa, 17 Agosti

Kaka,

Zote mbili ziko salama. Wamechukua damu, wakachukua tena siku nyingine ili wahakikishe, na daktari wa hapa amempigia daktari wako nikiwa nimekaa mbele yake. Nilitoka nikakaa chini pale kwenye korido, na kulia nililia kwa sauti hadi mlinzi akaja kuniuliza nani amefariki.

Mizani imesema tisini na mbili, maana nilikunywa maji na nilikula. Nikaanza kuomba radhi kwa hizo mbili zilizozidi. Daktari akanishika mkono wa juu, akanipima kiuno, akasoma sukari na shinikizo la damu, akasema mafuta aliyokuwa anayaogopa yameondoka, na kisu hakigombani na misuli. Amenipitisha.

Sasa tuje kwenye saini yako.

Ni kweli nilianza vyuma kwa ajili yako. Na ni kweli njaa, kiu na ule unga yalikuwa makosa yangu. Nimeyakiri kwa Kocha, amenifokea mpaka sauti ikamkauka, kisha akanikumbatia nikashindwa kupumua. Lakini vyuma vyenyewe havikuwa kosa. Wiki hii niliyokatazwa, mwili umeviulizia. Napanda ngazi siegemei ukuta. Gunia la mchele naliweka begani mwenyewe, wasaidizi wananipisha. Nguvu hizi ni zangu, nitabaki nazo ukubali au ukatae.

Kwa hiyo wewe sema tu nizitumie wapi. Ukikataa, nitazitumia kubeba jeneza lako. Nitalibeba vizuri, mgongo umenyooka, kifua mbele, sitayumba hata hatua moja. Watu watasema dada wa marehemu ana nguvu. Ndicho unachotaka nikifanyie mazoezi?

Mimi ni mtu mzima. Mwili ni wangu, umenitoa jasho, na nitaugawa ninavyotaka. Ruhusa ya kazi nimeshapewa. Nakuja Jumapili ya tarehe 26, uwe umerudisha jina au hujarudisha.

Kibonge


Jumatano, 22 Agosti

Kibonge,

Barua yako imesomwa na wifi yako kwa sauti, wodi nzima ikisikiliza. Alipofika kwenye jeneza, mzee wa kitanda cha pili akasema, "Kijana, mtu kama huyo hubishani naye. Unavaa gauni la upasuaji unanyamaza."

Wamelala sasa, niseme nisiloweza kusema mbele yao. Ile njaa na kiu yako nilivisingizia tu. Ninachokiogopa ni kuamka mimi wewe usiamke. Naogopa kuishi miaka na kipande chako tumboni, na wewe hupo wa kunitania. Siku ile nilisaini kwa sababu hiyo, nikaipamba ionekane ni huruma.

Na tangu Februari nimekuandikia sijambo. Sikuwa sijambo, mdogo wangu. Nilikuwa naisha. Nilikudai ukweli kila barua na wangu sikuutoa hata siku moja, kwa sababu nilijua ukijua utajiua kwa mazoezi, na ukaja ukajua, na kidogo ujiue kweli.

Nataka kuishi. Nataka mpaka naona aibu. Nataka kuwaona hawa watoto wakibalehe na kunijibu vibaya.

Jina limerudi. Ni tarehe 30 asubuhi, wewe kwanza kisha mimi. Homa imeshuka, na ikirudi kabla ya siku hiyo hawatanipasua, kwa hiyo kila wakinipima natazama uso wa muuguzi kabla ya kipimo. Njoo.

Kaka yako


Ijumaa, 31 Agosti, asubuhi

Kaka,

Nimeamka. Naumwa ubavu kama nimepigwa teke na lori, kukohoa ni adhabu, lakini niko.

Hakuna anayenijibu kuhusu wewe. Namuuliza muuguzi, anasema "anaendelea." Anaendelea wapi? Wa jana jioni aliniambia bado uko chumba cha upasuaji, na daktari aliniambia mapema kwamba ni kazi ya saa chache. Wifi hajatokea. Daktari amepita mlangoni mwangu haraka bila kugeuza shingo. Wananiambia nitulie. Usithubutu na wewe kuniambia nitulie.

Wodi yako iko upande wa pili wa korido. Ningekuja kwa magoti, wamenizuia. Nampa mfagiaji karatasi hii, ameahidi itafika. Andika chochote, hata mstari mmoja. Kama huwezi kushika kalamu, mwambie mtu yeyote aliye karibu yako aandike. Kama hayupo wa kuandika kwa sababu ile ninayoifikiria, basi nirudishieni karatasi yangu tupu nijue.

Kibonge


Ijumaa, 31 Agosti, alasiri

Mdogo wangu,

Niko. Naandika mimi mwenyewe, wifi yako ananishikia karatasi na machozi yake yanaichafua.

Walinirudisha mezani mara ya pili. Pale walipounganisha mshipa palivuja, wakafungua tena wakapashona. Figo yako ilikaa kimya tangu jana, kimya kabisa, na walikuwa wanaogopa kukuambia kwamba huenda umeitoa bure. Wifi alikuwa nje ya mlango wangu muda wote, hakuthubutu kuja kwako na uso ule.

Miaka miwili na zaidi sikuwa na mkojo hata tone. Mashine ndiyo ilikuwa inafanya kazi hiyo. Hapa kitandani wamenitundikia mfuko wa plastiki, na tangu jana wote tulikuwa tunautazama, daktari, wauguzi, mimi. Mfagiaji wako alipoingia na karatasi, wifi alikuwa amepiga magoti sakafuni karibu na mfuko. Nikadhani anasali. Akainua kichwa akaniambia, "Njoo uone," kisha akakumbuka siwezi kuinuka, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

Muuguzi ameumwaga mfuko, umejaa tena. Daktari ameutazama kwenye mwanga wa dirisha. Wifi anamwonyesha kila anayepita, hata watu wasiotuhusu.

Nakojoa, mdogo wangu. Nakojoa!

Kaka yako